Geuza Koki Kabla Hujazima

Mishi mwanangu,

Watu wenye adabu huanza barua kwa kuulizana hali. Mimi sina haja ya kuuliza. Nakusikia hapo chumba cha pili ukikunja nguo, ukizitia begini, ukizitoa, ukizikunja upya. Mtu anayesafiri hafungi begi hivyo. Hivyo hufunga mtu anayetafuta sababu ya kubaki. Ndiyo maana nimeketi hapa sebuleni na kalamu, kazi ambayo sikuumbiwa.

Mwandiko ukikushinda usilaumu macho yako. Mwalimu wangu wa darasa la nne alisema herufi zangu ni kama sisimizi waliolewa tembo, nami sikurudi tena shule kumwonyesha kwamba wanaweza kulevuka.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia uchemshe maji, wala usile cha mtu usiyemjua. Hayo mamako ameanza kuyasema tangu alasiri na bado hajafika katikati. Mimi nina la ami yako Bakari, na nina la mafuta.

Nianze na Bakari, maana ndiye aliyekupa kazi ya kukunja nguo mara mbili mbili.

Ulikuwa jikoni alipoingia, kwa hiyo hukusikia mwanzo. Aliketi kwenye kiti changu, akaweka kofia gotini, akatazama dari kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

"Salimu, nimesikia mtoto anasafiri."

"Umesikia sawa, kaka."

"Aenda wapi?"

"Kitale. Kuna kina mama huko wana mashine ya kusaga mahindi, na wanalima alizeti. Wanataka mashine yao itumie mafuta yao wenyewe, waachane na dizeli ya kununua. Mmoja wao alikuja hapa kwa bintiye, akanusa pikapu yetu ikipita, akaifuata kwa miguu mpaka gereji. Amemtaka Mishi akawatengenezee na kuwaendeshea."

"Mtoto wa kike? Akalale kwenye kinu cha watu, bara, na baridi ile?"

"Atalala nyumbani kwa watu, kaka. Kwenye kinu hulala panya."

"Wewe hufanya mzaha kwa kila jambo."

"Si kila jambo. Wewe bado sijakumaliza."

Hapo ndipo ulipoingia na sinia ya chai. Ukampa shikamoo yake, naye akaipokea, "Marahaba mwanangu," kwa sauti ya asali kabisa, akanywa chai yote, akafuta masharubu, ndipo akasema mbele yako, "Mimi radhi yangu sitoi. Na kesho alfajiri nitakuwa hapa mlangoni. Tuone kama atanipita."

Alipoondoka ukaniambia, "Baba, basi. Bila radhi ya ami siendi."

Nikanyamaza. Mamako akanipapasa paji la uso akidhani nimeshikwa na homa, kwa kuwa hajawahi kuniona nimekosa la kusema. Sikukosa. Nilikuwa nalipanga.

Sasa nisikilize habari ya mafuta.

Wewe ulikuta pikapu yetu tayari inanuka bhajia, ukadhani magari yote hunuka chakula. Haikuwa hivyo. Ilikuwa gari la heshima, linalokunywa dizeli kama wenzake. Dizeli ikapanda bei, nami nikiwa nimekaa pale kwa Mama Riziki nangoja viazi karai, nikamwona anamwaga mtaroni mafuta yaliyochoka kukaanga. Karai zima. Moyo ukaniuma kana kwamba amemwaga damu yangu.

"Mama Riziki, hayo niachie mimi."

"Ya nini, Fundi? Hata paka hawayataki."

"Gari langu halina maringo ya paka."

Akacheka mpaka akaunguza viazi vya watu. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Fundi Bhajia, Mishomoroni nzima, na jina lenyewe nimelivaa bila haya.

Nilikosea kila pahala pa kukosea. Mara ya kwanza niliyamimina vile vile, na makombo yake, na chumvi yake, na maji ya samaki. Injini ikakohoa, ikazima, nikafungua filta nikakuta unga wa dengu. Nikajifunza kuyachemsha mpaka yaache kutatarika, maana yakitatarika bado yana maji. Nikajifunza kuyaacha yatulie, kisha kuyachuja kwa kitambaa kizito. Kitambaa kizito kilichokuwa karibu kilikuwa leso ya mamako, pea mpya, kambani. Mpaka leo anaamini kipande kimoja kilichukuliwa na upepo. Usimwambie. Au mwambie ukishafika Kitale, mbali na mwiko.

Kisha likaja suala la taimingi, yaani wakati wa pampu kurusha mafuta ndani ya injini. Dizeli ni mwepesi wa hasira, ukimgusa tu ameshawaka. Mafuta ya kupikia ni mzito, huamka kwa kujinyoosha, na pampu ikiyarusha wakati ule ule wa dizeli, yatawaka yamechelewa. Lazima uyarushe mapema kidogo. Nikalegeza nati za pampu, nikaisukuma upana wa ukucha. Ikazidi, injini ikagonga kama mgeni mwenye njaa mlangoni. Nikairudisha, ikapungua, moshi mweupe ukajaa gereji, jirani akaja na ndoo ya maji kutuzima. Hivyo hivyo, mbele na nyuma, mpaka siku moja ikanguruma sawasawa, nami nikachora alama kwa patasi pale pampu ilipokaa. Alama hiyo unaijua. Umeifuta vumbi kwa kidole chako mara nyingi. Shika habari yake, nitairudia.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Wewe ulikuwa mdogo, hujaanza kufunga, kwa hiyo hukujua mateso niliyowapa waja wa Mungu. Hebu fikiri: saa kumi jioni, jua kali, koo zimekauka, watu wamejinyoosha barazani wakihesabu pumzi, na mimi napita polepole kwenye matuta nikiacha nyuma harufu ya bhajia, viazi, na sambusa za jana. Vijana walinirushia makubazi. Kizee mmoja alinifuata akilia, wallahi, machozi haya, akisema nimemharibia saumu yake kwa pua.

Na nani aliyebeba mashtaka mpaka msikitini? Ami yako Bakari. Alisimama mbele ya watu akasema, "Ndugu yangu anafuturisha watu kabla ya wakati." Imamu alijikaza asicheke, masikini, ndevu zikawa zinamtetemeka. Akatoa hukumu: mchana nitembee kwa dizeli, hayo mengine baada ya magharibi. Nikakubali. Ila sikuweza, kwa sababu gari lilikuwa na tangi moja tu. Nikalilaza Ramadhani nzima, nikatembea kwa miguu, na Bakari naye akatembea kwa miguu, kwani hata wakati ule alikuwa abiria wangu. Futari ya siku hizo niliila kwa raha sana.

Lakini kilichonifundisha kweli si msikiti. Ni safari ya Utange.

Tulikuwa tumebeba sufuria za pilau za harusi, mimi na Bakari. Ilikuwa Julai, mvua ya manyunyu na ubaridi wetu ule wa pwani ambao watu wa Kitale watakucheka ukiuita baridi. Mafuta niliyotia yalitoka kwenye yale ya kopo, meupe, yanayoganda yakipoa. Njiani tukamkuta mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, amesimama kando na fimbo yake.

Sasa wewe umelelewa hapa, unajua. Mzee humsalimii na injini inanguruma. Huinui mkono dirishani ukapita kama polisi. Unasimama, unazima, unashuka. Nikazima palepale. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, habari za watoto, minazi je, ng'ombe je, yule aliyeumwa mguu je. Akasema chai iko tayari. Bakari huyo ndani, hakungoja kuambiwa mara ya pili. Tukanywa chai, tukala mahamri, tukamkumbuka baba, tukacheka, tukalia kidogo.

Tuliporudi garini mafuta yalikuwa yameganda kwenye mirija kama samli. Mtu mwenye akili angetafuta maji ya moto. Mimi nilikuwa na hasira na Bakari alikuwa ananisemesha, "Washa, Salimu. Washa tena. Wewe si fundi?" Nikawasha. Nikawasha tena. Nikalazimisha mpaka nikasikia kitu kikikatika ndani ya pampu, sauti ndogo tu, kama mtu aliyevunja kijiti. Ulikuwa mti wa pampu, kile chuma kinachoizungusha. Sufuria zilifika harusini kwa mkokoteni, bwana harusi kashakula mkate.

Kila fundi wa Kisauni aliniambia jambo moja: ukiendesha gari hilo usisimame kusalimia. Pita. Wazee watakuzoea. Nikawaambia nyote wapumbavu. Nifuge gari linalonifanya nisiwe mtu? Nikaenda nikatafuta tangi la pili, dogo, la dizeli, nikafunga koki ya shaba ya njia mbili kati ya matangi yote mawili, na mpini nikauleta mpaka kando ya kiti. Unawasha kwa dizeli. Injini ikipata moto unageuza, inakula ya Mama Riziki. Na ukiona kofia au fimbo kwa mbali, geuza koki kabla hujazima, dizeli ipite ioshe njia, ndipo ufike, uzime, ushuke, usalimie mpaka uchoke.

Hiyo ndiyo koki uliyoigeuza tangu mkono wako ulipoanza kuifikia. Watu huniuliza kwa nini nilihangaika vile. Nilihangaika ili nisichague.

Sasa Kitale. Nilisema nitairudia ile alama ya patasi.

Usiende nayo. Najua umeipima kwa rula na kuiandika, nimekuona. Ichane hiyo karatasi. Alama ile ni ya Mishomoroni, ya hewa hii nzito yenye chumvi, ya joto hili, ya mafuta ya karai. Kule wewe utakuwa juu, hewa nyepesi, asubuhi kuna ubaridi wa kugandisha hata maneno, na mafuta ni ya alizeti ambayo hata siku moja hayajaonana na kiazi.

Nilijua hilo kabla hujazaliwa na bado nilikataa kulijua. Nilipanda Taita kuchukua kabichi, na kila tulivyozidi kupanda gari likazidi kutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Kijana mmoja wa huko akaniambia, "Mzee, gari lako linahema."

Nikamjibu, "Linahema kwa sababu nyinyi mmejenga juu mno."

Nikakataa kugusa skrubu ya mafuta. Niliitengeneza mimi mwenyewe, kwa mikono hii, iweje iwe na kosa? Gari lilisukumwa mlimani kona baada ya kona, na nilipochoka kabisa ndipo nikapunguza mafuta kidogo, robo mzunguko tu. Gari likapanda likiimba. Yule kijana alitabasamu tu, na tabasamu lake bado naliona nikifumba macho.

Kwa hiyo ukifika, kaa na mashine yao kwanza. Isikilize ikila dizeli ndipo uanze kuipa alizeti. Tazama moshi wao, na siyo wangu. Na nakuomba, kina mama wale usiwaambie kila saa "babangu hufanya hivi." Babako hajawahi kuishi huko. Wakikusalimu kwa kuinua jembe kutoka upande wa pili wa shamba bila kusimama, usinune ukadhani hawana adabu. Huenda ndiyo adabu yenyewe. Iulize, ijifunze, kisha utafute mahali pa kufunga koki.

Turudi kwa Bakari, maana kunakaribia kucha naye atakuwa anapiga mswaki.

Ami yako nampenda. Usinisome vibaya. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeninunulia spana yangu ya kwanza, akaniambia nikikosa shule nisikose kazi. Hakuna siku nitakayomvunjia heshima mbele ya watu, mbali na siku za kawaida. Lakini tazama hili la radhi vizuri. Nani humpeleka kwenye harusi za Mtwapa? Nani alimpeleka matanga ya Rabai akamngoja mpaka wali ukaisha? Nani humrudisha kwake Mjambere kila akija kutusemea maneno hapa? Mimi macho yangu yameshachoka. Magharibi ikiingia naona barabara mbili, na mara zote nachagua ile nzuri zaidi ambayo haipo. Ni wewe, Mishi. Ami yako anaona dereva anaondoka, na kwa kuwa ni mtu wa heshima hawezi kusema "nitapandaje gari?" Amelitafutia jambo hilo kanzu, akaliita radhi.

Na hata kama nimemdhulumu, hata kama usiku huu amelala akilia kwa mapenzi ya mtoto wa ndugu yake, bado jibu langu ni lile lile. Radhi ya mzazi ni ya mzazi. Haiazimwi, haikaliwi mlangoni. Mimi nilikulea na mafuta kuchani, nikakuogesha kwa sabuni ya kuoshea pampu mamako asipoona, nikakuona ukilia nozeli ya injini ilipokukata kidole, ukakifunga kitambaa ukarudi kazini. Siwezi leo nikamwachia mtu mwingine aseme kama wewe umekamilika au la. Hata awe kaka yangu. Hata awe na kofia nzuri kuliko yangu.

Walio barazani watasema Fundi Bhajia kamwachia binti akapotea bara. Waseme. Hao hao walisema gari haliwezi kutembea kwa mafuta ya viazi, wakalisema hilo wakiwa wamepanda nyuma.

Basi, kuhusu alfajiri.

Kabla ya kushika kalamu nilitoka nje nikaingia chini ya pikapu, mgongo wangu ukanitukana kwa lugha zote. Nimeifungua koki. Mirija ya mafuta inaning'inia mitupu. Usije ukaniambia utabaki kidogo kuendesha gari, kwa sababu gari la kuendesha halipo. Ndiyo, mtu anayejua angeunga kipande cha mpira pale, akapata gari la dizeli mara moja. Bakari hajui. Mimi najua, na siungi.

Koki iko ndani ya begi lako, chini kabisa, kwenye viatu, nilikuwekea ulipokwenda kuoga. Nimeifunga kwa kile kipande cha leso kilichochukuliwa na upepo, kwa hiyo tafadhali usiifungue mbele ya mamako. Ifunge kwenye ile mashine yao. Mpini wake umelainika kwa vidole vyako na vyangu, hautakusumbua.

Bakari atakuwepo, hawezi kukosa. Mpe shikamoo yake kamili, ubusu mkono, umwombe akuombee dua. Akikubali, itikia amina. Akikataa, sema amina vile vile, halafu pita. Mlango wetu ni mpana na yeye ni mwembamba. Tuktuk itakuwa inangoja hapo nje, nimeshapatana na mwenyewe.

Radhi yako ni hii hapa, imeandikwa kwa sisimizi walevi: mimi babako nimeridhika nawe, leo na nitakapokuwa sipo. Hilo doa la unga pembeni mwa karatasi usilifute. Ni dole gumba la mamako. Yuko jikoni anakusukumia mahamri ya safari, nimemsomea mpaka hapa, ya leso nikayaruka, akasema hajui kuandika vizuri akiwa na machozi, akatia dole.

Na ami yako, ukishaondoka, atageuka atazame pikapu, aniulize nani atamrudisha Mjambere. Nitamwambia tutakwenda kwa miguu, mimi naye, polepole, na kila mzee tutakayemkuta njiani tutasimama tumsalimie mpaka mwisho. Nitamshika mkono kwenye matuta. Kabla hatujafika kwake nitakuwa nimeshamwambia yote, hata la koki.

Lala sasa. Acha nguo hizo.

Babako,
Salimu, Fundi Bhajia